Akilia Mbele ya Wazee, Je, Ametubu?



Mwezi huu tuzungumze jambo ambalo wengi wetu huliongea kwa kunong'ona kisimani au baada ya ibada. Mtu mzima amemnajisi mtoto, na amejulikana. Si mgeni. Ni jirani, shemeji, mpangaji, mwalimu wa kwaya au ndugu wa damu. Kabla habari haijafika polisi, jioni anakuja nyumbani akiwa na wazee wawili watatu. Anapiga magoti, analia na kulitaja jina la Yesu. Kisha wazee wanamgeukia mama wa mtoto na kusema, "Mama, mwenzetu amekiri. Sisi ni Wakristo. Msamehe, tuyamalize hapa hapa nyumbani."

Mama afanye nini?

Huku kwetu, kuanzia Kilosa mjini hadi Mikumi barabarani, vikao vya namna hii vinajulikana. Na kwa kuwa wenyeji wa huku, Wakaguru, Wasagara na Waluguru, wengi hufuata ukoo kwa upande wa mama, mjomba ana sauti kubwa nyumbani. Mjomba akisema yameisha, mama hubaki na machozi yake, na mtoto hubaki na yake. Nyumba nyingine hupokea mbuzi au fedha. Nyingine hupokea sala tu.

Mwezi huu nitajibu kwa msaada wa vitu viwili ambavyo si kawaida kukutana katika ukurasa wetu: michezo ya kuigiza ya zamani kutoka Ulaya (ile ya ng'ambo, si Ulaya yetu ya hapa Kilosa) na utafiti wa wanasaikolojia juu ya watu wanaofanya makosa haya. Vyote viwili vinalitazama swali ambalo Biblia ililitazama kabla yao: moyo wa mtu hufikaje huko, na tutajuaje kama umegeuka?

Mkosaji ni nani?

Tuanze na hali ilivyo nchini. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa taifa juu ya ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2011. Walioulizwa walikuwa vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 kati ya 10 walisema walifanyiwa angalau tendo moja la ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wavulana ilikuwa kama 1 kati ya 7. Karibu nusu ya wasichana hao hawakumwambia mtu yeyote, na wavulana walionyamaza walikuwa wengi zaidi.

Pale Mikumi, malori yanapolala njiani kuelekea Iringa na Zambia, ni rahisi kumnyooshea kidole dereva asiyejulikana. Wageni wamo kweli miongoni mwa wakosaji. Lakini wakosaji wengi ni watu ambao mtoto anawafahamu, na matendo mengi hufanyika nyumbani kwa mtu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Wengi pia hudhani kwamba mtu wa namna hii ni kichaa wa kupelekwa Mirembe. Wachache wana ugonjwa wa akili. Wengi wao wanafanya kazi, wana wake na watoto, wanalipa ada, na Jumapili wanakaa benchi la tatu kanisani. Nicholas Groth, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeshughulika na wabakaji zaidi ya 500, aliandika mwaka 1979 kwamba ubakaji hutokana na kiu ya kutawala na hasira kuliko tamaa ya mwili peke yake. Ndiyo maana maneno kama "alikosa mke wa kumtuliza" hayaelezi kitu. Wengi wao wana wake.

Hatua nne

William Shakespeare aliishi Uingereza kuanzia mwaka 1564 hadi 1616, wakati Ulaya ilipokuwa katika mwamko mpya wa elimu na sanaa. Sisi Watanzania si wageni kwake. Mwalimu Nyerere alitafsiri michezo yake miwili, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, na mwaka 1968 ukatoka mchezo wa Makbeth kwa Kiswahili, tafsiri ya S. S. Mushi.

Makbeth ni askari shujaa wa Uskoti ambaye anamuua mfalme wake, Duncan. Duncan ni ndugu yake, na usiku huo ni mgeni aliyelala nyumbani kwake. Tazama anavyofika huko. Kwanza inakuja tamaa: wachawi wanamwambia atakuwa mfalme, naye analipenda neno hilo. Pili, dhamiri inampinga. Anajiambia kwamba mtu huyu ni ndugu yangu, ni mgeni wangu, tena ni mfalme mwema. Lakini dhamiri ile inanyamazishwa, na mkewe anasaidia kwa kumcheka kwamba si mwanaume. Tatu, walinzi wanaondolewa, maana walinzi wa Duncan wanaleweshwa kwa kinywaji kilichotiwa dawa. Nne, anamfikia mtu asiyeweza kujitetea, kwa sababu amelala.

Makbeth anapokuwa njiani kwenda chumbani kwa Duncan usiku ule, anajifananisha na Tarquin, mtoto wa mfalme wa Roma ya kale aliyembaka Lucrece, mke wa mwenzake. Mshairi mwenyewe aliona kwamba muuaji na mbakaji hutembea kwa mwendo mmoja.

Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani, David Finkelhor, aliandika kwamba ili mtoto anajisiwe, mambo manne hutangulia. Mkosaji awe na hamu ya kufanya hivyo. Aishinde dhamiri yake. Avishinde vizuizi vya nje, yaani macho ya wazazi na majirani. Mwisho aushinde upinzani wa mtoto mwenyewe, kwa zawadi, hila, vitisho au nguvu. Ni hatua zile zile nne za Makbeth.

Sasa fungua Biblia, 2 Samweli sura ya 13, uzione kwa mara ya tatu. Amnoni anamtamani Tamari, binti wa baba yake. Yonadabu, badala ya kumkemea, anamfundisha hila. Amnoni anajifanya mgonjwa na kumwomba baba yao amtume Tamari aje kumpikia. Anawatoa watu wote nje. Kisha, pamoja na Tamari kumsihi, anamtenda jeuri kwa nguvu.

Akina mama, hamu ya moyo wa mtu hatuioni. Duncan mwenyewe katika mchezo ule anasikitika kwamba moyo wa mtu hausomeki usoni, na dakika hiyo hiyo muuaji wake anaingia, naye anampokea kwa furaha. Lakini hatua ya tatu iko mikononi mwetu. Nani anabaki na watoto tunapohamia mashamba ya mbali wakati wa kilimo? Nani analala chumba kimoja na watoto wageni wakija msibani? Nani anamtuma mtoto dukani usiku? Nani anamwita binti yako peke yake "amsaidie kupika" kwa sababu anaumwa? Mama anayeuliza haya hana roho mbaya. Anawarudisha walinzi mlangoni.

Maneno ya kuituliza dhamiri

Dhamiri haifi siku moja, hulishwa maneno. Mwaka 1984 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Gene Abel, na wenzake walieleza fikra ambazo wanajisi wa watoto hujipa: kwamba mtoto asiyepiga kelele amekubali, kwamba mtoto asiyesema amependa, kwamba mimi nilikuwa ninamfundisha. Haya si maelezo anayoyatunga baada ya kukamatwa tu. Ni maneno aliyojiambia kabla, ndiyo yaliyomfungulia njia.

Hapa Afrika, Rachel Jewkes na wenzake walitoa mwaka 2009 matokeo ya utafiti wa Afrika Kusini uliowauliza kwa siri wanaume zaidi ya 1,700. Zaidi ya robo walikiri kwamba wamewahi kumlazimisha mwanamke au msichana. Sababu iliyotajwa zaidi haikuwa pombe wala hasira. Ilikuwa kuona kwamba ni haki yao. Karibu robo tatu ya waliokiri walifanya hivyo kwa mara ya kwanza kabla ya kutimiza miaka 20.

Takwimu hiyo inatuhusu sisi tunaolea wavulana. Mtoto wa kiume anayekula kwanza, anayepiga dada zake bila kukanywa, anayesikia kwamba msichana akisema hapana ana maana ya ndiyo, anafundishwa lugha ambayo siku moja itainyamazisha dhamiri yake. Mke wa Makbeth alimwambia mumewe kwamba uanaume ni kuthubutu. Wanetu waambiwe kwamba uanaume ni kujizuia.

Na usiwe na hofu isiyo na msingi juu ya mwanao aliyewahi kutendewa. Wengi mno waliodhulumiwa utotoni hawageuki kuwa wadhalimu.

Mfalme aliyepiga magoti

Turudi sasa kwa yule anayelia mbele ya wazee. Katika mchezo mwingine wa Shakespeare, Hamlet, yupo mfalme wa Denmark aitwaye Claudius. Amemuua ndugu yake kwa sumu, akachukua taji lake na mke wake. Siku moja dhamiri inamchoma, anaingia chumbani peke yake kusali. Anakiri kwamba dhambi yake inanuka mpaka mbinguni, kwa kuwa ni kosa la kale la Kaini. Kisha anajiuliza swali kubwa: nitaombaje msamaha, hali ninavyo bado mkononi vile nilivyoua ili nivipate? Anajua kwamba duniani fedha huweza kuipinda sheria, lakini mbele ya Mungu haiwezi. Hata hivyo anapiga magoti. Anaposimama, anakiri kwamba maneno yake yalipaa na moyo wake ukabaki chini. Muda mfupi baadaye anampeleka Hamlet Uingereza na barua ya siri ili akauawe huko.

Hamlet alipita pale akamwona akiwa amepiga magoti. Alidhani anatubu kweli. Magoti yalimdanganya, kama yanavyowadanganya wazee wetu.

Wasomi wamebishana sana kama michezo hii isomwe kidini. Roland Frye aliandika mwaka 1963 kwamba Shakespeare hakuwa akihubiri, na kwamba tusigeuze michezo yake kuwa katekisimu. Roy Battenhouse aliandika mwaka 1969 kwamba haieleweki bila imani ya Kikristo, hasa fundisho la Mtakatifu Agostino kwamba dhambi ni upendo uliopinda, mtu kupenda kitu kidogo kuliko kinachostahili kupendwa zaidi. Katika sala ya Claudius mimi naona fundisho la Kanisa li wazi. Toba ni kujuta, kuungama, na kurudisha. Claudius alijuta, na akaungama akiwa peke yake. Alikwama pale pa kurudisha.

Sasa jiulize: taji la yule anayelia sebuleni kwako ni nini? Ni jina lake jema. Ni cheo chake katika kanisa au kijiji. Ni ruhusa ya kuingia nyumba za watu wenye watoto. Vyote hivyo vinasimama juu ya kitu kimoja, ukimya wa mtoto wako. Basi sikiliza anachoomba. Akiomba msamaha pamoja na ukimya, bado ameshika taji. Anayetubu anaweka taji chini. Anasema, "Nimefanya. Mtoto hana kosa. Nitakwenda mwenyewe kusema mbele ya wanaohusika, na sitakaa tena na watoto." Zakayo hakuishia kukaribisha wageni mezani. Alitamka hadharani atakachorudisha, tena mara nne. Yohana Mbatizaji naye aliwataka watu waliokuja kubatizwa waonyeshe matunda.

Sayansi nayo inatuonya tusipime kwa machozi. Mwaka 1998 watafiti wa Kanada, Karl Hanson na Monique Bussière, walikusanya tafiti 61 zilizofuatilia wakosaji wa kingono zaidi ya 23,000. Katika miaka minne hadi mitano, kama 13 kati ya kila 100 walijulikana kurudia kosa la namna hiyo. Namba halisi lazima iwe kubwa zaidi, kwa kuwa makosa mengi hayaripotiwi. Lakini jambo la kuzingatia ni hili: kama mtu alikiri au alikana, kama alionyesha huruma kwa aliyemdhuru au hakuonyesha, havikusaidia kutabiri nani atarudia. Waliorudia zaidi walikuwa wale wenye makosa ya nyuma, wenye tamaa iliyopinda kuelekea watoto, na walioacha matibabu njiani.

Kwa hiyo hatusemi kwamba mtu wa namna hii hana tumaini. Wengi hawakukamatwa tena. Tunasema kwamba machozi ya usiku mmoja si kipimo, na wazee, hata wawe wacha Mungu namna gani, hawana jicho la kuona ndani ya moyo.

Mtoto si najisi

Lucrece, yule mke aliyebakwa na Tarquin, aliwaambia wanaume wa nyumbani mwake yaliyompata, kisha akajiua kwa aibu. Shakespeare aliandika utenzi mrefu juu yake mwaka 1594. Warumi walimsifu kwa kifo hicho karne nyingi. Lakini mji wa Roma ulipotekwa mwaka 410 na wanawake wengi Wakristo wakabakwa na askari, wapo waliouliza kwa nini hawakujiua kama yeye. Aliyewajibu ni Agostino, Mwafrika wa Thagaste, katika Algeria ya leo. Alifundisha kwamba usafi ni wa moyo. Jambo alilotendewa mtu kwa nguvu bila ridhaa yake haliondoi usafi wake, wala hapaswi kujiadhibu kwa dhambi ya mwingine.

Hata hivyo Agostino huyo huyo alimhoji Lucrece kwa ukali, na Battenhouse, aliyemfuata, alimlaumu kwa kuipenda sifa yake kupita kiasi. Hapo mimi siwafuati. Mtu aliyejeruhiwa hakaguliwi roho ili aonekane kama anastahili huruma. Tunamfunga jeraha kwanza. Lakini lile neno la kwanza la Agostino lingefaa lisemwe katika kila nyumba yetu: mtoto aliyenajisiwa si najisi. Usimwite "ameharibika". Usimwambie hataolewa. Tamari alirudi akilia, na ndugu yake Absalomu akamwambia anyamaze kwa kuwa aliyemtenda ni ndugu yake. Daudi, baba yao, alikasirika sana lakini hatusomi kwamba alifanya neno. Ukimya ule haukuponya nyumba. Baada ya miaka miwili Absalomu alimwua Amnoni, na baadaye akamwasi baba yake. Yaliyomalizwa nyumbani yaliimaliza nyumba.

Basi mama afanye nini?

Kwanza, mwamini mtoto. Mwambie maneno matatu: "Nimekusikia. Si kosa lako. Umefanya vizuri kuniambia." Usimhoji kwa ukali wala usimlazimishe kurudia mbele ya ukoo mzima.

Pili, mpeleke hospitali haraka, siku hiyo hiyo. Dawa ya kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi ni lazima ianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Kwa msichana aliyevunja ungo ipo dawa ya kuzuia mimba, nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikiwahi. Usimwogeshe kabla hajapimwa. Nguo alizovaa zifunge katika karatasi au kitambaa safi, si mfuko wa plastiki, uende nazo. Hata kama siku zimepita, mpeleke. Yapo magonjwa ya kutibu na moyo wa kutuliza.

Tatu, toa taarifa polisi, upewe fomu namba 3, ile PF3. Vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto ambapo mtoto husikilizwa faraghani. Kama kituo ni mbali, tangulia hospitali. Ofisi ya ustawi wa jamii na mtendaji wa kijiji au kata nao wanahusika. Simu ya kumsaidia mtoto ni namba 116.

Nne, ijue sheria. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mtu mzima anayebaka, na kifungo cha maisha kama mtoto ni wa chini ya miaka 10. Kesi ni ya Jamhuri, hivyo ukoo hauna mamlaka ya kuifuta kwa mbuzi. Na usitishwe kwa neno "hakuna shahidi". Katika mchezo wa Makbeth, mwanamke mhudumu anamsikia mke wa Makbeth akiropoka siri usingizini huku akisugua mikono kuondoa damu isiyokuwepo. Daktari anapomwuliza alisikia nini, mhudumu anakataa kusema kwa kuwa hana wa kumthibitisha. Wengi wetu ni kama mhudumu yule. Lakini hapa Tanzania, mahakama ikiridhika kwamba mtoto anasema kweli, inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto huyo peke yake.

Tano, kama mkosaji ni mumeo mwenyewe, najua nimegusa pabaya. Utaambiwa unavunja ndoa na kumfunga anayeleta unga. Mama, nyumba aliivunja yeye. Mtoe mtoto kwanza, uende naye kwa mtu unayemwamini, kisha ufuate hatua hizo hizo. Usibaki peke yako. Mwambie mama mmoja kanisani, na huyo mama asiende kutangaza.

Na msamaha je?

Bwana wetu alituagiza kusamehe, nami siwezi kulifuta agizo lake. Lakini tusichanganye mambo matatu. Kusamehe ni kuacha kisasi moyoni. Hilo ni kati yako na Mungu, huchukua muda, na hakuna mzee wa kukulazimisha ulimalize kabla ya chakula cha jioni. Kuaminiwa tena hujengwa kwa matendo ya miaka mingi, na kwa kazi ya kukaa na watoto kusirudishwe kamwe. Haki ni ya mtoto, na pia ni ya watoto wengine ambao mtu huyu atakutana nao kesho. Unaweza kumsamehe mtu na asubuhi ukatoa ushahidi dhidi yake, bila chuki. Mchungaji anaweza kumtembelea gerezani, kusali naye na kumfundisha. Hiyo ni huduma njema. Kumficha ni kumwacha na dhambi yake.

Kwa viongozi wetu naomba kitu kimoja. Mwizi wa sadaka akilia mbele yenu hamumrudishii ufunguo wa sanduku wiki ile ile. Mtoto ana thamani kuliko sanduku.

Ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika nyumba zetu, ni wakati gani watoto hubaki bila mlinzi? Tufanye zamu namna gani, hasa msimu wa mashamba?
2. Tunawaambia nini wavulana wetu kuhusu neno "hapana"?
3. Kikundi chetu kitamsaidiaje mama anayetoa taarifa, kwa nauli, chakula, na mtu wa kumsindikiza mahakamani?
4. Someni pamoja 2 Samweli 13. Nani katika habari ile angeweza kuzuia, na hakuzuia?

Mungu Baba awape wana wetu walinzi walio macho, na atupe sisi ujasiri wa kusema. Tukutane mwezi ujao, akitupa uzima.